Kuhara si ugonjwa mmoja, na OTC si maji ya baraka

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka la pembejeo pale senta, leo sina ratiba ya chanjo wala bei za mnadani. Leo nataka tugombane kidogo.

Ugomvi wangu ni huu. Katika vijiji vyetu mnyama akiharisha, jibu ni OTC. Ndama akiharisha, OTC. Mbuzi akiharisha, OTC, halafu anaongezewa dawa ya minyoo "ili imsafishe". Kuku wakitoa kinyesi cha kijani, unga wa OTC kwenye maji ya kunywa. Ng'ombe tumbo likivimba upande wa kushoto mpaka linalia kama ngoma, bado kuna mtu atatokea nyuma ya zizi na bomba la sindano. Swali la "anaumwa nini?" limefutwa kabisa. Limebaki swali moja tu: "nimpige sisi ngapi?"

Tuanze na dawa yenyewe, maana wengi wanaitumia kwa jina tu. OTC ni kifupi cha oksitetrasaiklini. Ni antibayotiki, yaani inapambana na bakteria, na kwa kweli haiwaui moja kwa moja bali inawazuia wasizaliane ili kinga ya mnyama imalizie kazi. Ni dawa nzuri ikiwa mahali pake. Lakini haigusi virusi. Haigusi minyoo. Haiponyi kuhara damu kwa kuku, kwa sababu kimelea cha ugonjwa ule si bakteria. Haitoi gesi tumboni. Na haimrudishii mnyama hata tone moja la maji aliyopoteza.

Hilo la maji ndilo linaloua ndama, na nitakaa hapo kwa muda.

Ndama wa wiki moja hadi tatu anaharisha kwa sababu nyingi. Kuna virusi (rota na korona ya ng'ombe), kuna kimelea kidogo kinachoitwa kriptosporidiamu, kuna bakteria kama E. koli ambao hupiga hasa siku za mwanzo kabisa, na kuna ndama anayeharisha kwa sababu tu jana alinyweshwa maziwa kidogo na leo ameachiwa anyonye mpaka ashindwe. Ukimtazama kwa macho huwezi kutofautisha. Rangi ya kinyesi haikwambii. Lakini karibu wote hawa wanakufa kwa njia moja: maji na chumvi vinatoka mwilini haraka kuliko vinavyoingia, damu inakuwa nzito na inajaa tindikali, ndama anapoa masikio na miguu, analala, basi.

Ndama wa kilo 40 aliyepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake amepoteza lita 4 za maji. Sasa niambie, mililita 4 za sindano zinaziba vipi pengo la lita 4?

Mwaka jana niliitwa kwenye boma moja kuona ndama jike wa maziwa, chotara, mtoto wa ng'ombe pekee wa familia ile. Alikuwa amepigwa sindano nne ndani ya siku tatu, na watu wawili tofauti. Shingo ilikuwa na uvimbe wa sindano. Macho yalikuwa yameingia ndani, ukifinya ngozi ya shingo inabaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Hakuna aliyekuwa amempa maji, tena walikuwa wamemnyima hata maziwa wakiamini maziwa "yanaongeza kuhara". Alikufa mbele yetu. Ndani ya nyumba ile ile, juu ya kabati, kulikuwa na pakiti mbili za ORS zilizobaki pale mtoto wao alipougua. Pakiti ambazo zahanati huwa inatoa.

Nimeeleza hilo bila kumlaumu mama mwenye boma. Alifanya alichoambiwa na watu aliowalipa. Ninaowalaumu ni hao waliolipwa.

Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi pale Bangaon, India. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye glukosi na chumvi, yakichanganywa kwenye madumu na kugawiwa hata na ndugu wa wagonjwa. Vifo vilishuka kutoka takriban watu 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Hapakuwa na dawa mpya. Yalikuwa maji, chumvi na glukosi. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenye utumbo wa ndama: glukosi inaingia pamoja na chumvi, na maji yanafuata.

Fanya hivi. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi ya uvuguvugu. Ukikosa pakiti, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya glukosi ya unga, vilivyosawazishwa, kwa lita moja. Zingatia neno glukosi. Usiweke sukari ya chai. Ndama mchanga hana kimeng'enya cha kuivunja sukari ile, kwa hiyo itabaki utumboni, itavuta maji na kuhara kutazidi. Glukosi inauzwa maduka ya kawaida kwenye vikopo au pakiti. Ndama wa kilo 35 hadi 40 mpe lita 2 asubuhi na lita 2 jioni, na kama anaharisha sana ongeza nyingine mchana. Ndama mdogo wa kienyeji mpe lita moja hadi moja na nusu kila mara. Maziwa usimnyime, mpe kidogo kidogo, ila usiyachanganye na hayo maji ya chumvi, acha saa mbili au tatu katikati. Tumia chupa yenye chuchu. Ndama aliyelala na asiyeweza kunyonya usimmiminie mdomoni, yatakwenda kwenye mapafu. Huyo anahitaji dripu, na anahitaji mtu mwenye utaalamu siku hiyo hiyo.

Sisemi ndama asipigwe antibayotiki kamwe. Ukipima joto ukakuta limepita 39.5, au anaharisha damu, au amekataa kabisa kunyonya na amezubaa, hapo bakteria wanaweza kuwa wameingia kwenye damu na antibayotiki ina kazi. Lakini inakwenda pamoja na maji. Na anayeichagua awe amepima joto. Kipimajoto cha mnyama ni kitu kidogo, na ninashangaa mtu anayetembea na chupa tano za dawa kwenye begi hana hicho kimoja.

"Lakini mimi nilimpiga OTC akapona." Najua. Hili ndilo jibu ninaloambiwa kila kijiji, na mara nyingi anayelisema ni mzee ninayemheshimu. Mzee wangu, kuhara kwa virusi kunakwisha kwenyewe baada ya siku kadhaa iwapo ndama hajakauka. Ungempiga OTC, ungemfunga kitambaa chekundu shingoni, au ungemwimbia, angepona siku ile ile. Waliopona tunawasimulia. Waliokufa tunasema "ulikuwa ugonjwa mbaya". Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna dawa inayoshindwa.

Na kabla hujafika kwenye dawa yoyote kuna dang'a. Ndama anazaliwa bila kinga. Kinga yake yote ya mwanzo iko kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Mlango wa kuipokea utumboni unaanza kujifunga saa chache baada ya kuzaliwa na ndani ya saa 24 umefungwa. Anyonye ndani ya saa mbili za kwanza, zisizidi sita, na ndani ya siku ya kwanza apate kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake: ndama wa kilo 25 lita mbili na nusu, wa kilo 35 lita tatu na nusu. Wapo wanaoimwaga dang'a kwa sababu inaonekana chafu, na wapo wanaoichemsha na kuila. Ukiipika na kuila wakati ndama bado hajashiba, umekula chanjo yake.

Sasa minyoo. Huku tatizo ni kinyume: dawa ni sahihi, kipimo ni cha kubahatisha. Albendazole inauzwa katika nguvu tofauti, na mbili zilizo kwenye maduka yetu ni asilimia 2.5 na asilimia 10. Moja ina nguvu mara nne ya nyingine. Mfugaji anapima kwa kifuniko cha chupa ya maji, kifuniko kile kile alichotumia mwaka jana, na wala hasomi asilimia. Tukichukua kipimo cha miligramu 7.5 kwa kilo, ng'ombe wa kilo 250 anahitaji karibu mililita 19 za ile ya asilimia 10, lakini mililita 75 za ile ya asilimia 2.5. Aliyezoea ya kwanza akinunua ya pili na kunywesha mililita 20, amewapa minyoo robo ya dozi. Dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaa. Ndiyo maana kuna maeneo Afrika Mashariki ambapo minyoo ya mbuzi na kondoo haitishwi tena na dawa hii. Pima uzito, hata kwa kamba ya kifua, na soma lebo. Ng'ombe au mbuzi aliye mwanzoni mwa mimba usimpe albendazole, inaweza kuharibu kijusi.

Na mnyoo hatari kuliko wote kwa mbuzi wetu wala haharishi. Yule anayenyonya damu tumboni, hemonkasi, anamfanya mbuzi awe mweupe ndani ya kope na avimbe chini ya taya, huku kinyesi kikiwa cha kawaida. Kwa hiyo anayeharisha anapigwa dawa ya minyoo asiyoihitaji, na anayekufa kwa minyoo anaachwa kwa kuwa hakuharisha. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi za kope, inaitwa FAMACHA: unashusha kope la chini, unalinganisha rangi, unampa dawa yule aliyepauka. Hata bila kadi, jizoeze kushusha kope. Ni bure.

Wenye maduka, jambo moja hapa. Msimuuzie mtu sindano ya ivermectin mkimwambia "hii inamaliza minyoo yote". Haiui minyoo bapa ya kwenye maini, haiui tegu. Mtu anayechunga bondeni kwenye maji, ng'ombe wake wanaokonda kwa minyoo ya maini, anaweza kumaliza katoni nzima bila kuwasaidia.

Kuku. Naandika kwa hasira kidogo, mniwie radhi akina mama, maana kuku ni wenu na hasara ni yenu. Kinyesi cha kijani, kuku wanapinda shingo, wanakufa banda zima ndani ya siku chache: hicho ni kideri mpaka ithibitike vinginevyo, na kideri ni kirusi, hakina tiba. Unga wowote utakaonunua siku hiyo ni pesa ya kumfariji mwenye duka. Kinga ipo na ni rahisi mno: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Kuhara kijani au njano kunaweza pia kuwa homa ya matumbo ya kuku, ambayo ni bakteria na antibayotiki inaweza kusaidia. Ndiyo maana nasema usitibu rangi. Chukua kuku mmoja aliyekufa muda huo huo, mwite mtaalamu ampasue, utajua unapigana na nani.

Kuhara damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita ni habari nyingine. Mara nyingi huo ni koksidia, unatoka kwenye matandazo yaliyolowa, na dawa yake ya kawaida ni amprolium kwenye maji kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Sasa sikilizeni, wenye maduka. Mmezoea kuuza amprolium pamoja na pakiti ya vitamini, "wapate nguvu". Amprolium inafanya kazi kwa kumnyima kile kimelea vitamini B1. Wewe unampa dawa kwa mkono wa kulia na unamlisha adui kwa mkono wa kushoto. Vitamini ziuzwe, lakini zianze baada ya dozi kuisha. Na matandazo yaondolewe, la sivyo mteja wako atarudi wiki ijayo akiwa na vifaranga wachache zaidi.

Wale mnaosaga vidonge vya binadamu, metronidazole au "Flagyl" kama mnavyoiita, mnawawekea kuku: acheni. Marekani na Umoja wa Ulaya wamepiga marufuku dawa hiyo kwa wanyama wanaoliwa. Ninyi mnampa kuku leo, kesho mtoto anakula yai.

Tumbo kujaa gesi nitalipita haraka kwa sababu halina haraka ya kusubiri maelezo. Upande wa kushoto umevimba, anahema kwa shida: msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kwenye mwinuko, mfunge kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune na kucheua gesi, mtembeze. Mafuta ya kula nusu lita kwa ng'ombe, mililita 50 hadi 100 kwa mbuzi, taratibu, kichwa kisiinuliwe juu sana na ulimi usivutwe. Akianguka, ni trokaa mikononi mwa mtu anayejua pa kuchoma, na ni dakika, si masaa. Akiwa amevunja stoo akala mahindi au pumba nyingi, hilo ni tatizo la tindikali tumboni; piga simu hata kama bado anaonekana mzima. Na yule anayevimba leo, anapoa, anavimba tena wiki ijayo, huenda tumbo limejaa mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, lakini ile iliyozikwa jalalani bado inaliwa. Hakuna dawa inayoyeyusha plastiki. Huyo ni wa upasuaji, na upasuaji ni kazi ya daktari wa mifugo. Mimi mwenye stashahada siruhusiwi na sitajifanya.

Najua mtakachonijibu. Kwamba afisa mifugo mmoja ana kata nzima, pikipiki haina mafuta, simu haipokelewi, na duka liko hatua hamsini. Ni kweli. Kwamba kumwita mtaalamu kunagharimu kuliko chupa ya OTC. Ni kweli pia, kwa siku ile. Na kwamba baadhi yetu, maofisa, tunachoma sindano ili mteja aone tumefanya kazi, kwa sababu mtu hatoi hela kwa ushauri wa ORS. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mfugaji akinilipa kwa kuchoma sindano na kunibeza kwa kumwambia "mpe maji ya chumvi", basi yeye na mimi tumekubaliana kumuua ndama wake kwa heshima.

Sikubali kwamba umbali wa ofisi yangu ndio unaoandika dozi. Aliye karibu ni mwenye duka, kwa hiyo yeye ndiye mwenye mzigo, apende asipende. Ndugu muuzaji, maswali matatu kabla hujafungua kabati: umri wa mnyama, joto lake, na je, anakunywa? Asiyejua joto, mkodishe au muuzie kipimajoto. Weka ORS na glukosi kwenye shelfu ya mbele; zina faida ndogo, najua, lakini mteja ambaye ndama wake amepona atakununulia pumba, chumvi ya kulamba na dawa ya kupe miaka mitano ijayo. Usiuze dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Usiuze isiyosajiliwa na TMDA. Usiuze nusu dozi kwa sababu mteja ana nusu ya hela.

Na maziwa. Kila antibayotiki ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo: siku kadhaa maziwa yasinywewe wala kuuzwa, wiki kadhaa nyama isiliwe. Ni nani kijijini kwenu aliyewahi kumwaga maziwa baada ya kuchoma OTC? Tunachoma asubuhi, tunakamua jioni, tunapeleka kwa mama mwenye mtoto. Bakteria wanaozoea dawa kwenye utumbo wa ng'ombe wako hawabaki zizini. Wanapita kwenye samadi, kwenye mikono, kwenye kikombe. Kisha mtoto anaumwa tumbo kweli kweli, na muuguzi anajaribu dawa ya kwanza, anajaribu ya pili.

Mwenye mnyama anayeharisha zaidi ya siku tatu, au kundi linaloharisha pamoja, achukue kinyesi kibichi kutoka kwenye njia ya haja, si cha kuokota chini, akiweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali pa baridi lakini kisigande, na anipigie siku hiyo hiyo. Maabara za TVLA zipo Temeke, Arusha, Mwanza, Iringa, Tabora na Mtwara, na kwa minyoo hadubini ya kawaida tu inatosha.

Jumamosi nitakuwa mnadani kuanzia saa mbili asubuhi, chini ya mwembe karibu na josho. Njoo na chupa ya dawa uliyonayo nyumbani, hata kama imebaki vidole viwili, tuisome lebo pamoja.